SOMO: Viungio vya Waya Kwenye Boti ya Kikundi

Somo letu la safari hii linawahusu hasa wenzetu wa pwani ambao kikundi chao kina boti ya kutembeza wageni. Lakini hata wewe wa bara mwenye betri ya sola nyumbani, usifunge ukurasa. Waya ni waya.

Tuanze na jambo tuliloliona wenyewe. Msimu mmoja tulipanda boti ya kikundi kimoja, tukitoka Shimoni kwenda kwenye hifadhi ya baharini ya Kisite. Tulikuwa watu kumi na wawili, watoto watatu wakiwamo. Katikati ya safari nahodha akawasha swichi ya pampu ya kutoa maji ngamani. Kimya. Akazima, akawasha tena. Kimya. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Vijana wawili wakashika ndoo, wakakumba maji mpaka tukafika nchi kavu. Siku hiyo bahari ilikuwa shwari. Ingechafuka, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Tuliporudi tukakaa na fundi. Betri ilikuwa nzima. Pampu nayo nzima. Ubovu ulikuwa mahali pamoja tu, padogo kama kidole: waya mbili zilizosokotwa kwa mkono, zikazungushiwa tepu nyeusi, zikaachwa zilale ngamani. Tepu ilipotolewa, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Ikakatikia mkononi.

Ndipo mweka hazina akasema ukweli. Mwanzo wa msimu fundi aliomba pesa za waya na vichwa vyake, lakini wanachama wakaona afadhali wagawane kwanza. Hatuwacheki, vikundi vingi hufanya hivyo hivyo. Ila wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

KWA NINI KIUNGIO HUHARIBIKA

Kwanza, maji ya chumvi. Yakigusa shaba iliyo wazi, huila. Tena hupanda ndani ya waya chini ya ngozi yake ya plastiki, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Ukikata, unakuta shaba nyeusi mbali na pale palipolowa.

Pili, mtikisiko. Injini inatetema, mawimbi yanapiga. Waya isiyoshikiliwa hucheza mpaka ikatike.

Tatu, kulegea. Kiungio kilicholegea hupunguza stima na kutoa joto. Tuchukue mfano. Pampu inatumia ampea 4, na kiungio kibovu kina ukinzani wa nusu omu tu. Hapo volti 2 kati ya zile 12 za betri zinapotea njiani, na kile kiungio kinatoa joto la wati 8. Pampu inazunguka kwa uvivu, na kiungio kinazidi kuoza. Kikiwa karibu na petroli, ni hatari ya moto.

VITU VYA KUNUNUA

1. Waya ya nyuzi nyingi nyembamba, ya shaba iliyopakwa bati. Ndani inaonekana nyeupe. Waya ngumu ya nyumba yenye uzi mmoja usiitie botini. Hukatika kwa mtikisiko.
2. Vichwa vya waya vyenye tundu la mviringo, vinavyoingia bolti. Vile vilivyo wazi upande mmoja huchomoka bolti ikilegea.
3. Koleo ya kubania vichwa hivyo. Koleo ya kawaida haibani sawasawa. Vikundi viwili au vitatu vinaweza kuchanga na kununua moja.
4. Mirija ya plastiki inayonywea ikipata joto, ile yenye gundi ndani.
5. Fyuzi na kikalio chake.

NAMNA YA KUFANYA

Zima kila kitu. Toa mtungi wa petroli botini, acha upepo upite. Fungua waya ya hasi kwenye betri kwanza, ndipo ya chanya. Betri iliyokuwa ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka, kwa hiyo moto na sigara viwe mbali.

Kata waya mpaka ufike kwenye shaba safi. Ukikuta nyeusi, endelea kukata.

Vuta kwanza mrija juu ya waya. Wengi husahau, wakakumbuka wakishabana! Kisha menya ngozi kiasi cha shingo ya kichwa, bila kukata hata uzi mmoja. Ingiza nyuzi zote, bana kwa koleo, halafu vuta kwa nguvu ya mkono. Ikichomoka, shukuru Mungu imechomokea nchi kavu. Rudia.

Sogeza mrija ufunike shingo na ngozi ya waya. Pasha joto pole pole mpaka unywee na gundi itokeze pembeni. Kazi hii ya joto fanyia ufukweni, si ndani ya boti.

Weka kiungio juu, mbali na ngama. Kama waya ya pampu ni fupi, kiungio kipande juu kadiri kinavyofika. Waya ishuke kidogo kabla ya kupanda kwenye kiungio, ili maji yadondoke pale chini yasiingie. Ifunge kwenye mbao kila baada ya sentimita 45 hivi.

Fyuzi iwe karibu na betri, isizidi shubiri moja. Ukubwa wake ufuate maandishi ya pampu. Ikiungua, tafuta sababu. Usizungushie karatasi ya sigara, maana hapo umeondoa mlinzi ukamwachia mwizi mlango.

Kurudisha betri, anza na chanya, malizia na hasi. Paka vichwa vyake grisi.

Wengine hutuuliza: je, kulehemu kwa risasi peke yake hakutoshi? Hakutoshi. Risasi hufanya waya iwe ngumu, na pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko huikata. Bana kwanza.

UKAGUZI

Kila asubuhi kabla ya wageni kupanda, washa pampu usikie sauti yake. Kila mwezi vuta kila kiungio kwa mkono. Mwenye mita apime volti kwenye betri na kwenye pampu, pampu ikiwa inafanya kazi. Zikipishana kwa zaidi ya nusu volti, tafuta kiungio kibovu au waya nyembamba. Andikeni kwenye daftari tarehe na jina la aliyekagua. Na ndoo isishuke botini hata kama pampu ni mpya.

Wale wenzetu wa Shimoni walikubaliana sehemu ya mapato ya kila safari itengwe kwa matengenezo kabla ya kugawana. Uamuzi huo ndio uliotengeneza boti, koleo lilifuata.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Je, katika mali ya kikundi chetu, ni kitu gani kilichofungwa kwa tepu tu, tukijua kitatuangusha?
2. Nani ana jukumu la kukagua, na tunajuaje kwamba amekagua?
3. Tunatenga pesa za matengenezo kabla ya kugawana, au baada?