Hamasa ya Kukamilisha Mradi wa Utamaduni Darasani: Mfano wa Vitendawili

Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, miradi imezidi kupewa nafasi katika masomo ya shule za msingi. Aghalabu mradi wa utamaduni huanza kwa shangwe na kuishia njiani, au hukamilishwa na mzazi usiku wa kuamkia siku ya kuuwasilisha. Kiondo kilichonunuliwa sokoni huletwa darasani kana kwamba kimesukwa na mtoto. Alama hutolewa, ujuzi wa bibi aliyeweza kumfundisha mjukuu kusuka hubaki kwake.

Walimu wengi hukimbilia zawadi. Mnamo 1973, Lepper, Greene na Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kabla ya kuchora walionyesha hamu ndogo zaidi ya kuchora baadaye; waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakuathirika hivyo. Zawadi si haramu, ila haifai kuwa ndiyo sababu ya kazi.

Fasihi simulizi ina hamasa yake yenyewe. Anayetega kitendawili huhitaji wa kukitegua, na wakishindwa humpa mji ndipo awape jibu. Basi kila mwanafunzi wa Gredi ya 4 na akusanye vitendawili vitano kwa lugha ya kwao, kisha atege kimoja kila Ijumaa. Kisichoteguliwa kilale hadi wiki ifuatayo. Ni nadra mtoto kukosa kurudi ilhali darasa zima linamdai jibu! Mzazi naye hupata kazi inayomstahili, yaani kuulizwa, au kumpigia simu babu aliye mbali iwapo familia inaishi mjini.

Ugumu hujitokeza katika tafsiri. Kitendawili kinachotegemea mlio wa neno la Kikamba au Kidholuo huenda kikafa kikiletwa katika Kiswahili. Mwalimu asikitupe. Mwanafunzi akitege kwa lugha yake, kisha aeleze ni nini kilichopotea. Maelezo hayo ni somo la lugha lisilopatikana kwa urahisi vitabuni.

Vyote viandikwe katika daftari moja la darasa: lugha asilia, tafsiri, jibu na jina la mzee aliyekitoa, kwa idhini yake. Daftari likijaa, kila mtoto anakili ukurasa wake na kumpelekea mzee huyo.