Miwani ya Kufuatilia Macho: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Ifo

Mwongozo huu unamhusu mhudumu wa afya, mwalimu au mkalimani wa kambi ya wakimbizi ya Ifo, Garissa, Kenya, atakayekabidhiwa miwani ya kufuatilia macho ili awavishe wengine, iwe kwa mafunzo au kwa utafiti.

Miwani iliyozoeleka ina taa ndogo za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na kamera kwenye fremu. Kamera hunasa kitovu cha mboni pamoja na nukta ya mwanga inayong'aa juu ya konea. Programu hulinganisha viwili hivyo na kutambua mtu anatazama wapi. Watafiti sasa wanatengeneza vihisi angavu vinavyokaa ndani ya kioo chenyewe. Vingine hutumia grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, unaomeza takriban asilimia 2.3 tu ya mwanga.

Aina yoyote utakayopewa, fanya kazi ndani ya jengo. Ifo iko karibu na ikweta na jua lake lina infraredi tele, hivyo vipimo vya nje havitegemeki. Puliza vumbi kabla ya kupangusa kioo, kwa sababu mchanga hukwaruza.

Wanja unahitaji uangalifu wa pekee. Ukingo mweusi wa kope huweza kuichanganya programu, ikaudhani ni mboni. Usimwamuru mama afute wanja wake. Mweleze tatizo, naye ataamua. Akikataa, andika kwenye fomu kwamba amepaka. Anayevaa niqabu ahudumiwe na mwanamke mwenzake, faraghani. Mwenye tongotongo au jicho jekundu asivishwe, apelekwe kliniki kwanza: vikope huambukizwa kwa majimaji ya macho. Safisha fremu kila inapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Kuhusu ridhaa, tusilegeze kamba hata kidogo. Garissa inajua gharama yake. Kuna Wakenya waliojiandikisha kambini ili wapate chakula, wengine wakiwa watoto, alama zao za vidole zikabaki kwenye kumbukumbu za wakimbizi, na walipoomba kitambulisho cha taifa wakakataliwa. Mwaka 2023 serikali ilisimamisha shughuli za mradi wa Worldcoin, uliokuwa ukipiga picha za macho ya Wakenya. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mkimbizi sawasawa na raia. Data za kibayometriki ni nyeti kisheria, na mtoto lazima aombewe ridhaa kwa mzazi au mlezi. Rekodi ya macho inaweza kufichua zaidi ya anachotazama mtu: uchovu, ugumu wa kusoma, hata dalili za ugonjwa.

Kwa hiyo zungumza na mtu kwa lugha yake, Kisomali au Kioromo, na umwache aulize. Usimwombe akiwa kwenye foleni ya mgao, maana hapo atakubali shingo upande akihofia chakula chake. Mwambie waziwazi kwamba kukataa hakumpunguzii huduma yoyote, na kwamba anaweza kujiondoa hata baada ya kurekodiwa.

Kabla ya yote hayo, mtake msimamizi wako aandike data zitahifadhiwa wapi, nani atazisoma na zitafutwa lini. Asipoandika, miwani ibaki sandukuni.