Diski ya Seva ya Nyumbani Ikianza Kuharibika: Okoa Data Kwanza, Tafuta Kosa Baadaye

Somo la TEHAMA kwa mwananchi

Siku hizi seva ndogo ya kuhifadhi faili si kitu cha ofisi kubwa pekee. Utaipata sebuleni kwa mpiga picha wa harusi, nyumbani kwa mweka hazina wa chama, na katika familia iliyochoka kupoteza picha kila simu inapoibiwa. Ni kisanduku chenye diski moja, mbili au zaidi, kilichounganishwa na ruta, ambamo kila mtu nyumbani huweka faili zake. Somo hili linaeleza hatua za kuchukua diski mojawapo inapoanza kuharibika. Lisome sasa wakati seva yako ni nzima, ili siku ikipata hitilafu usifanye mambo kwa pupa.

Mfano wetu

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu ambaye ni katibu wa mradi wa maji kijijini. Katika seva yake mna orodha ya wanachama, usomaji wa mita wa kila mwezi, risiti za malipo, na picha za marehemu mama yake. Seva ina diski mbili zilizopangwa kwa mfumo wa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa pia kwenye ya pili. Wiki mbili kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, taa nyekundu inawaka na faili zinafunguka polepole mno. Anampigia simu binti yake anayejua kompyuta.

"Mama, nimeona nizime hii mashine niiwashe tena. Labda itakaa sawa."

"Hapana, Baba, usizime kwanza. Inatoa sauti ya kugonga?"

"Haigongi. Ni uzito tu."

"Basi iache iwake. Tafuta diski ya nje, tutoe nakala ya vitabu vya mradi kabla ya kugusa kitu kingine."

Binti ameshika jambo kuu la somo hili. Wengi wetu huanza kwa kutafuta kosa: tunazima, tunawasha, tunapima, tunafungua mfuniko. Kila jaribio kama hilo linaichosha diski ambayo huenda imebakiwa na saa chache za kazi. Diski inauzwa dukani, lakini rekodi za miaka sita haziuzwi popote.

Hatua ya 1: Sikiliza, kisha uamue

Ndani ya diski ngumu mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Ukisikia diski ikigonga kwa mfululizo au ikikwaruza, huenda kichwa kimeharibika au kinagusa sahani. Hapo zima mara moja. Usiifungue nyumbani, wala usiiweke kwenye friza kama wengine wanavyoshauri, kwa sababu unyevu utaongeza madhara. Ikiwa data ni ya lazima na haina nakala nyingine, kazi hiyo ni ya mtaalamu wa kuokoa data mwenye chumba kisicho na vumbi.

Kama hakuna sauti mbaya na faili bado zinafunguka, hata kwa shida, acha seva iwake. Waambie watu wa nyumbani wasiweke faili mpya, kisha nenda hatua ya pili.

Hatua ya 2: Toa nakala kwa mpangilio

Chomeka diski ya nje, au nakili faili kwenye kompyuta nyingine. Anza na vitu visivyoweza kupatikana tena: rekodi za kikundi, picha za familia, nyaraka ulizoskani. Filamu na programu ziwe za mwisho, kwa kuwa hizo utazipakua tena. Ukikuta faili moja imekwama, iruke uendelee na nyingine.

Ikiwa seva ina diski moja tu na makosa ya usomaji ni mengi, fundi anaweza kutumia programu ya bure iitwayo ddrescue. Programu hii hunakili kwanza sehemu nzima za diski, ndipo irudi kujaribu sehemu mbovu. Pia huweka kumbukumbu ya ilikofika, hivyo stima ikipotea katikati, kazi haianzi upya.

Hatua ya 3: Sasa tafuta kosa

Nakala ikiwa salama, fungua ukurasa wa afya ya diski katika seva yako. Kwenye Linux, andika amri hii, ukiweka jina la diski yako mahali pa sda:

sudo smartctl -a /dev/sda

Utaona jedwali la vipimo ambavyo diski hujiwekea yenyewe, yaani SMART. Katika diski nyingi, angalia namba hizi nne na usome safu ya mwisho, RAW_VALUE:

Namba 5: sehemu mbovu ambazo diski imeziacha na kutumia za akiba.
Namba 197: sehemu zinazoshindwa kusomeka, zinazosubiri uamuzi.
Namba 198: sehemu zilizoshindikana kabisa wakati wa ukaguzi.
Namba 199: makosa ya mawasiliano kati ya diski na seva.

Tatu za kwanza zikiwa sifuri, ni vizuri. Zikiwa juu ya sifuri na zinapanda kila unapotazama, anza kutafuta diski nyingine. Namba 199 ni tofauti: mara nyingi kosa huwa kwenye waya wa data au mahali unapochomekwa. Andika idadi unayoiona, zima seva, badilisha waya, kisha tazama tena baada ya siku chache. Idadi ya zamani haifutiki, lakini ikiacha kupanda ujue waya ndio uliokuwa mbovu. Watu wametupa diski nzima kwa sababu ya waya wa bei ndogo. Adapta ya umeme iliyochoka nayo huifanya diski izime na kuwaka ovyo, kwa hiyo ijaribu pia.

Vipimo hivi tuviamini kiasi gani? Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishapata kosa la kwanza katika ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 kuliko diski isiyo na kosa hilo. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kubwa walizozifuatilia. Kwa hiyo dalili mbaya ikitokea, iamini. Dalili isipokuwepo, usijivunie.

Hatua ya 4: Badilisha diski bila kukosea

Kosa la kusikitisha kuliko yote ni kuchomoa diski nzima na kuacha mbovu. Ripoti ya smartctl huonyesha namba ya utambulisho ya diski, na namba hiyo hiyo imechapishwa kwenye lebo yake. Linganisha zote mbili kabla ya kuchomoa. Diski mpya iwe na ukubwa sawa na ile ya zamani au zaidi. Ikipungua hata kidogo, mfumo unaweza kuikataa.

Ukiiweka, seva huanza kunakili kila kitu kutoka diski iliyobaki. Diski ya terabaiti 4, ikisomwa kwa megabaiti 150 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 7. Katika saa hizo diski ya zamani hufanya kazi nzito, na huenda ilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, ikapitia joto lile lile na kukatika kwa stima kule kule. Ndiyo maana tumesisitiza nakala kabla ya hatua hii.

Hatua ya 5: Baada ya kupona

RAID hukulinda diski moja inapokufa. Haikulindi mtoto anapofuta folda, radi inapopiga, au mwizi anapobeba kisanduku chote, kwa sababu diski zote mbili zimo ndani yake. Fuata kanuni ya 3-2-1: nakala 3 za data, katika vifaa vya aina 2, na angalau 1 iwe nje ya nyumba. Mwalimu wetu anaweza kumwachia mweka hazina wa mradi diski moja ya nje iliyofungwa kwa nywila, na kuibadilisha kila mwezi.

Mara moja kwa miezi michache, fungua faili kadhaa kutoka kwenye nakala hiyo uhakikishe zinasomeka. Weka pia seva kwenye UPS, ili stima ikipotea ipate muda wa kujizima vizuri.

Diski ya zamani isitupwe jalalani. Ina majina, namba za simu na malipo ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Ifute data yote, au itobolewe sahani ikiwa haiwaki tena, kisha ipelekwe kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA.

Jipime

1. Seva yako ikiungua usiku wa leo, ni faili gani hutazipata tena? Ziandike kwenye karatasi.
2. Kila moja ya faili hizo ina nakala ngapi, na ziko wapi?
3. Ni nani mwingine nyumbani au katika kikundi anayejua nywila na anayeweza kufungua nakala hizo?

Kama jibu la swali la pili ni "moja tu, ndani ya seva", usingoje taa nyekundu. Tafuta diski ya nje wiki hii, uanze na vitabu vya kikundi.