Haibiskasi ya Kopo na Baridi ya Masama

Julai ikifika, haibiskasi nyingi zilizopandwa kwenye makopo huko Masama ya juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hugeuka njano, hupukutisha majani na kubaki vijiti. Mwenye nyumba akiona hivyo huchota maji akamwagilia. Majani yakizidi kudondoka naye anazidisha maji. Agosti haijaisha mmea umekufa, na baridi ndiyo inayobebeshwa lawama. Ng'oa mmea huo utazame mizizi: ni ya kahawia, laini, inanuka. Umeoza.

Haibiskasi asili yake ni nchi za joto. Joto likiwa chini ya nyuzi 15 ukuaji wake hupungua, na likishuka chini ya 10 mmea husinzia na kumwaga majani. Kinachoua moja kwa moja ni barafu, na vijiji vyetu haviko juu kiasi hicho. Hata hivyo mwinuko una neno: kila unapopanda meta 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana haibiskasi ya Masama Rundugai, kule tambarare, huendelea kuchanua wakati wenzake wa vihamba (mashamba ya nyumbani) vya juu wamejikunyata, ilhali zote ziko wilaya moja ya Hai.

Sasa, mmea uliosinzia hunywa maji kidogo mno. Na baridi yetu huja mara tu baada ya masika, kwa hiyo kopo linaingia Juni udongo ukiwa tayari chepechepe. Hapo bado manyunyu na ukungu. Kazi ya kwanza, basi, ni kuliondoa kopo kwenye mvua mwishoni mwa Mei na kulisogeza chini ya upenu. Liinue juu ya matofali mawili ili maji yapate pa kutokea na mizizi isikae kwenye sakafu ya saruji iliyo baridi. Wengi tunapandia kwenye ndoo chakavu au kopo la rangi. Kama halina matundu chini, toboa manne au matano kwa msumari wa moto. Sahani ya kukingia maji iondoe mpaka Septemba.

Upande gani wa nyumba? Watu hupenda kuweka maua upande unaotazama tambarare kwa kuwa ndiko kunakoonekana kweupe. Lakini Juni na Julai jua letu hupita kaskazini, kwa hiyo ukuta wa upande wa mlimani, yaani wa kaskazini, ndio unaopata joto zaidi, jua likiamua kutoka. Epuka mabondeni karibu na mfongo (mfereji wa maji), kwa sababu hewa ya baridi huteremka na kutuama huko usiku.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, acha. Ukiwa mkavu, mwagilia asubuhi, kiasi, bila kulowesha majani. Mbolea usitie kabisa, na samadi mbichi kutoka zizini ndiyo mbaya zaidi, huunguza mizizi iliyokwisha kudhoofika. Kukata matawi nako kungoje. Ukiwa na shaka kama mmea u hai, kwangua gome kidogo kwa ukucha: rangi ya kijani chini yake ina maana bado upo.

Tazama pia mgongo wa majani. Vidukari na inzi weupe hujificha huko, na maji yenye sabuni kidogo, yakirudiwa kila wiki, huwapunguza vizuri.

Septemba jua likirudi, kata kila tawi theluthi moja, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Badilisha udongo wa juu kwa samadi iliyooza vizuri na anza kumwagilia taratibu. Maua ya haibiskasi hutoka kwenye matawi mapya, hivyo ukikata wakati huo una nafasi nzuri ya kuwa na maua Desemba, ndugu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na Nairobi.

Kwa walioko Ulaya, Marekani au Kanada, hesabu ni nyingine, maana huko barafu ipo. Ingiza kopo ndani kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 10, baada ya kukagua wadudu. Liweke kwenye dirisha lenye mwanga mwingi, mbali na kipasha joto. Hewa kavu ya ndani hukaribisha utitiri. Majani yatadondoka kwa kubadilishiwa mahali, usiongeze maji. Kuna jamii nyingine za haibiskasi, kama Hibiscus syriacus, zinazohimili barafu na kulala nje msimu mzima, kwa hiyo soma kibandiko cha dukani kabla ya kuanza kubeba makopo.