Omba Moyo Unaosikiliza: Tafakari ya Mwanafunzi wa Uzamivu



Leo fungua 1 Wafalme 3:5-14. Mungu anamtokea Solomoni ndotoni kule Gibeoni na kumwambia aombe anachotaka. Kijana yule angeweza kuomba mali au maisha marefu. Yeye akaomba moyo wa kusikiliza, apate kuwaongoza watu vizuri. Mungu akapendezwa.

Kwa kweli somo hili nalihitaji. Niko mwaka wa nne wa uzamivu, Dar es Salaam. Nyumbani Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, wameshaanza kuniita "daktari". Wadogo zangu wanasubiri ada na mimi sina mshahara. Sura niliyoiandika miezi mitatu inarudi imejaa wino mwekundu. Niliomaliza nao digrii ya kwanza wana kazi, wengine wameshajenga. Usiku najiuliza: hivi nasoma ili iweje?

Jibu nimeanza kulipata ndani ya utafiti wenyewe. Naandika kuhusu matuta ya Uluguru. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona udongo unaporomoka, ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, na sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu tu. Ukichimba ngazi, unaufukia na kuleta juu udongo usiozaa. Mkulima alilijua hilo, ila hakusikilizwa. Mwaka 1955 zikazuka vurugu kule Matombo, na mpango ukaachwa.

Jamani, wataalamu wale walikuwa na elimu. Walichokosa ni moyo aliouomba Solomoni. Mtakatifu Paulo anatuonya hivyohivyo katika 1 Wakorintho 8:1: elimu bila upendo humvimbisha mtu tu.

Mtazame Edith Stein. Mwaka 1915 aliacha masomo kwa muda akaenda kuwauguza askari majeruhi wa vita. Mwaka 1916 akapata udaktari wa falsafa, na tasnifu yake ilihusu namna tunavyoweza kutambua anachopitia mwenzetu. Alibatizwa 1 Januari 1922, akawa mtawa Mkarmeli, akauawa Auschwitz mwaka 1942. Leo tunamwita Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba.

Basi sisomi ili niitwe daktari. Mto Ruvu, unaolipatia jiji la Dar es Salaam maji, unaanzia Uluguru. Jiji linakunywa kutoka kwa wakulima ambao halijawahi kuwauliza habari zao. Kazi yangu ni kuwasikiliza na kuandika walichosema. Ada bado ni shida na wino mwekundu bado upo, lakini sasa najua namfanyia nani kazi.

Nawe unayesoma, iwe chuo, veta au kidato cha sita, wiki hii fanya haya:

1. Kila asubuhi, kabla ya kushika simu, omba moyo wa kusikiliza.
2. Taja kwa jina mtu mmoja ambaye elimu yako itamfaa.
3. Usikose jumuiya. Huko utakaa na watu wasiojali una digrii ngapi.

Tusali: Ee Bwana, utupe elimu, na pamoja nayo utupe masikio. Amina.