Mawimbi ya Redio na Kivuli cha Mlima Elgon

Mtu akaaye bondeni upande wa Cheptais, katika Bungoma, aweza kuwa na redio isemayo vizuri usiku kucha, na simu ya mkononi iliyo bubu. Mgonjwa akizidiwa, redio haimfai kitu. Basi yafaa tujue kwa nini chombo kimoja hupata na kingine hukosa, ijapokuwa vyote viwili hutumia mawimbi ya jamii moja.

Zamani redio iliitwa “simu ya upepo”. Jina lapendeza, lakini upepo hauna kazi yoyote humo. Mawimbi haya ni ndugu wa mwanga: hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, hata mahali pasipo hewa. Toka Kitale hadi Bungoma, kilomita 70 hivi kwa mstari ulionyoka, hufika kabla ya sehemu moja ya elfu ya sekunde kwisha.

Wimbi peke yake halina neno. Sauti hugeuzwa kuwa umeme, na umeme huo hulibadili wimbi. Katika FM, kwa mfano, hubadili wingi wa mitetemo yake. Simu za siku hizi huigeuza sauti kuwa tarakimu kwanza. Chombo kipokeacho huyasoma mabadiliko hayo na kuirudisha sauti.

Tofauti kubwa i katika urefu. Mawimbi ya kati ya redio yana urefu wa mamia ya mita. Hutambaa juu ya nchi, na usiku hurudishwa chini na tabaka zenye umeme zilizo juu sana angani, kama mpira ugongao dari. Ndipo stesheni za mbali husikika. Mawimbi ya simu hayafiki nusu mita, na maikrowevu yaungayo mnara na mnara ni ya sentimita chache tu. Hayo huenda moja kwa moja kama mwanga wa kurunzi, na Elgon, mlima wa mita 4,321, huyatilia kivuli. Mnara wa Endebess hauwezi kumfaa mtu wa Cheptais. Hata pasipo mlima, katika kilomita 70 ardhi hujibinua kadiri ya mita 100. Kwa hiyo minara hujengwa vilimani, ikipokezana habari.

Akosaye mtandao hana haja ya kupaza sauti. Atoke chini ya bati, apande mahali mnara uonekanapo; pengine hatua chache zatosha. Na mahali hapo pajulikane na wote nyumbani, hata watoto, kabla ya usiku wa haja.