Dondoo muhimu: Kompyuta moja, familia nzima
Kama kompyuta ya sebuleni inatumiwa na kila mtu, linda nyaraka na barua pepe zako hivi:

• Mfungulie kila mmoja akaunti yake. Ya msimamizi ibaki kwako, ya watoto iwe ya kawaida.

• Kwenye nenosiri, usitumie jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa wala namba ya simu. Watu wa nyumbani wanayajua hayo yote!

• Badala yake, unganisha maneno manne yasiyohusiana.

• Ukiinuka, hata kwenda kuepua chai tu, funga skrini: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L.

• Usikiruhusu kivinjari kuhifadhi nenosiri la benki.

• Ukiandika nenosiri lolote, lifungie kabatini. Chini ya kibodi ndipo wanapoanza kutafuta.

• Nenosiri la kuingilia pekee halifungi diski: ikichomolewa, husomeka kwenye kompyuta nyingine. Washa BitLocker, kifungio cha diski cha Windows, na utunze ufunguo wake wa dharura.